Nilimfukuza Wifi Yangu Mbele ya Bibi Harusi

Mpendwa mshauri Mama Esther, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana hili ninalokuandikia hata mume wangu sijamwambia.

Mimi ni mpambaji na mratibu wa harusi hapa Mwembesongo, mwaka wa saba sasa, navalisha maharusi, napamba kumbi, nasimamia shughuli tangu kikao cha kwanza cha kamati mpaka viti vinarudishwa, na nilikuwa nafanya kazi na wifi yangu Mwaisha, mdogo wake mume wangu Salum, binti ambaye akikufunga kilemba hakitikisiki mpaka shughuli iishe. Watu wananijua kwa sababu situmii maua ya plastiki, naagiza maua mabichi kwa Bibi Anastasia kule Mgeta, na kila harusi naibunia pambo lake ambalo halijaonekana popote.

Mwishoni mwa mwaka jana nikaanza kuibiwa ubunifu. Najiandaa na harusi ya Jumamosi, Jumamosi ya kabla yake naletewa picha kwenye simu, mpambaji mmoja wa Kihonda kashapamba vilevile, rangi zilezile, hata nyungo nilizopanga kuzining'iniza juu na maua ndani yake, yeye kashaning'iniza. Mara ya kwanza nikasema imetokea tu, mara ya pili nikaanza kunung'unika, mara ya tatu bibi harusi akanitupia simu mapajani akaniuliza, "Dada Pili, hii ni harusi yangu au ya mtu mwingine?" Tangu hapo macho yangu yote kwa Mwaisha. Akitoka nje kupokea simu, nasogea dirishani. Akicheka, najiuliza anacheka na nani. Daftari la michoro nikalifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni.

Mwisho nikamtegea. Nikamwambia yeye peke yake kwamba ukumbi wa Hafidha, bibi harusi wetu aliyefuata, utakuwa wa zambarau na fedha, wakati Hafidha alishachagua kijani, na ili aamini, nikampigia Bibi Anastasia yeye akisikia, nikaagiza maua ya zambarau na kumweleza bibi ukumbi wote utakavyokuwa, halafu yale ya kijani nikanunua kwingine kimyakimya. Hazikupita wiki mbili, Kihonda wakapamba zambarau na fedha. Siku ya harusi tulikuwa chumbani tunamvalisha Hafidha, shangazi zake wamejaa, Mwaisha kashika pini za shela, nikashindwa kujizuia, nikamnyang'anya zile pini nikamwambia, "Toka! Unakula kwangu, siri zangu unazipeleka Kihonda."

Akaniangalia. "Wifi, mimi?"

Akachukua mkoba wake akaondoka, na Hafidha alilia mpaka nikampaka poda upya.

Mwezi uliopita nikapanda Mgeta mwenyewe kuchagua maua. Nikaona Bibi Anastasia kakata mengi kuliko niliyoagiza, nikamuuliza ni ya nani. Akanijibu bila hila yoyote, "Haya ya yule mwenzio wa Kihonda. Huwa ananipigia, ananiuliza Pili safari hii anapambaje, namwelezea kama unavyonieleza. Kwani si mnafanya kazi pamoja, mwanangu?" Mama, nikakaa palepale juu ya tenga.

Sasa shangazi mmoja wa Hafidha anaishi Turiani, jirani na kina Yusuph, kijana aliyemposa Mwaisha. Neno limeshafika kule. Wazee wa Yusuph wamesimamisha mipango yote, wanasema hawaingizi kwao mke asiyetunza siri. Salum haongei na mimi zaidi ya salamu. Na mimi roho bado haijatulia, maana nasikia Mwaisha sasa anafanya kazi kwa huyohuyo mpambaji wa Kihonda. Kama hawakuwa pamoja tangu mwanzo, kwa nini akimbilie kwake? Halafu nikitangaza kwamba nilikosea, nani ataniamini tena na harusi yake? Nafikiria nimtumie ujumbe wa pole kwenye simu, yaishe. Je, inatosha?

Pili, Mwembesongo

MAMA ESTHER ANAJIBU

Marahaba, Pili. Nimekusoma mara mbili, na mara zote nimeanza kwa kukuhurumia nikaishia kukukasirikia.

Kuibiwa kazi ya kichwa chako kunauma, hilo sikubishii. Lakini ulisema siri yako kwa watu wawili, ukamhukumu mmoja, tena yule uliyekuwa umeshamtilia shaka. Wa pili hukumfikiria kwa sababu ni bibi mkulima wa maua. Sasa ukweli umeusikia kwa masikio yako, na bado unatafuta kosa la Mwaisha!

Unauliza kwa nini kaenda Kihonda. Ulitaka aende wapi? Anajua kazi moja, na wewe ulimchafulia jina katika kazi hiyohiyo. Mpambaji gani Morogoro angempokea? Fikiri vizuri: mtu pekee aliyejua kwa hakika kwamba Mwaisha hajavujisha kitu ni huyo wa Kihonda.

Ujumbe wa simu, hapana. Hukumfukuza kwa ujumbe.

Leo hii mwambie Salum, kabla hajasoma gazeti hili akajua wewe ndiye Pili. Kisha nenda kwa Mwaisha umwombe radhi, na ukiwa pale usimuulize habari za Kihonda hata kidogo. Akikutukana, pokea. Akikufungia mlango, rudi kesho yake. Akikubali, nendeni Turiani kwa wazee wa Yusuph, na yule shangazi aitwe akae asikie. Useme, "Nilimsingizia." Usiseme kulitokea kutoelewana, maana hakukuwa na kutoelewana, kulikuwa na wewe.

Bibi Anastasia usimgombeze. Mwambie rangi na idadi ya maua tu, ukumbi usimwelezee.

Unaogopa maharusi watakukimbia. Wengine watakukimbia kweli, sitakudanganya. Na huenda wazee wa Yusuph wasibadili msimamo. Hata hivyo utaenda, kwa sababu huyo binti anaishi na jina ulilompa wewe.

Usibebe zawadi. Salum akikusindikiza, asikusemee. Mkishakaa, wewe ndiye uanze kuongea.