Mikono ya Bi Miriam

Mjukuu wangu Salma,

Barua yako imenifika hapa Kingsbury. Sote tu wazima, ila Jumatano ndiyo napasuliwa moyo. Mjomba wako anasema nisiwe na wasiwasi, lakini yeye mwenyewe chakula hakimshuki.

Umeniuliza kama ni unafiki kuswali na huku imani imekutoka. Nimekusoma mara tatu, mwanangu, na usingizi umeniruka.

Nilipotoka Unguja baada ya mapinduzi, nami imani ilinitoka. Ya kule niache nisiyaseme. Hapa London nilishona kwa Bi Miriam, mama wa Kiyahudi, aliyekuwa akiniambia waziwazi kwamba hajui kama Mungu yupo. Siku moja simu ililia, akaweka mkasi, akavaa koti. Jirani yake amefariki, anakwenda kumwosha. Kwao, kama kwetu, wanawake huoshwa na wanawake wenzao.

"Unakwenda kwa imani gani?" nikamuuliza.

"Imani nitaitafuta nikirudi. Yeye hawezi kujiosha."

Wiki ile ile alifariki mama mmoja, Mzanzibari mwenzetu, nikaitwa nikamwoshe. Mara mbili kabla ya hapo nilikataa, nikijiona sistahili. Safari hii nilikwenda. Sikuhisi kitu. Nilimmiminia maji taratibu, kama ninayemwogesha mtoto.

Imani ilirudi lini, sikumbuki. Yako sijui.

Salma, naiogopa hiyo Jumatano. Likitokea la kutokea, usikae huko Glasgow ukijiuliza unaamini nini. Panda treni, uje uniogeshe.

Bibi yako,
Zuhura