Jina Lililosomwa Ukumbini

Abalessa,
Tamanrasset.
14 Machi 2019.

Mpendwa mtani wangu Kenan,

Pokea salamu nyingi, wewe na wifi yangu Salima, huko Marseille kwenye ubaridi wenu. Hali yako? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku hatujambo, ila magoti ya mama, shangazi yako, yamegoma kabisa mwaka huu. Anasali ameketi.

Picha yako imefika. Umenenepa, bwana we! Mama aliishika akauliza kama huyo ndiye bosi wako. Usininunie. Mimi ni mtoto wa shangazi yako. Nisipokucheka mimi, atakucheka nani?

Mvua ilinyesha Januari, siku mbili nzima, na mbuzi wako mweusi akazaa pacha. Mmoja nimemchukua. Utani una haki zake.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Ni habari ya mjomba, marehemu baba yako, na kama tulivyolelewa, jina la aliyekufa halitamkwi, basi silitaji.

Najua uliambiwa kwamba Nasim, yule mpiga gitaa wa Algiers, alilitamka jina la baba yako mbele za watu. Najua pia ulimpigia simu ukamtukana. Kenan, ulimtukana mtu siye.

Unamjua Nasim. Alipokuja mara ya kwanza wewe ulikuwa bado hapa, ukamwona akikaa mlangoni kwa mama siku tatu bila kufungua mfuko wa gitaa. Huu ni mwaka wa sita anakuja. Imzadi ya mama, zeze lake la uzi mmoja, hajaigusa hata kwa kidole, anajua ni chombo cha wanawake. Hukaa nyuma ya mama akamfuata polepole kwa gitaa, na mama akinyamaza, naye hunyamaza. Chumba cha kufundishia wasichana ni yeye aliyekihangaikia, ofisi baada ya ofisi, na sasa wanafunzi ni saba. Kanda yetu ilipotoka, alishikilia majina ya wanawake yawe juu, lake likaja chini kabisa, dogo mno. Mama alisema linafanana na kiroboto.

Basi Oktoba tulialikwa kupiga kwenye ukumbi mjini, alasiri. Nasim alitaka watu wajue kila wimbo mama aliutungia nani, wasidhani ni nyimbo zilizookotwa jangwani zisizo na mwenyewe. Akaniomba orodha, maana mimi ndiye niliyekwenda shule. Wimbo wa nne ni ule alioutunga mama mwaka ule kaka yake aliporudi na ngamia wote katika ukame, watu wakiwa wameshakata tamaa. Nikaandika jina lake. Wallahi, sikulitamka. Nilijiambia kinachokatazwa ni mdomo, kalamu haijakatazwa. Nikakunja karatasi nikampa, wala sikumwonya asilisome.

Alilisoma. Kwa sauti, na kwa heshima zote, maskini, akidhani anatutukuza. Wanaume wakavuta vilemba mpaka machoni. Mama aliilaza imzadi kifudifudi mapajani, na hakupiga tena siku ile.

Wala hakupiga siku iliyofuata. Wasichana aliwarudisha makwao, chumba kikafungwa. Wazee walimkemea Nasim: mtu wa kuja ni wa kuja tu, wakasema, hata umkalishe miaka mia. Yeye aliinamisha kichwa akaomba radhi. Hakusema karatasi ilitoka kwa nani. Nami nilikuwepo, nimesimama hatua tatu kutoka alipo, nikala jiwe. Naona haya hata kuandika hivi.

Miezi mitano nimeishi na jambo hilo kifuani. Mama ana miaka sabini na mitatu. Nyimbo zile kubwa hakuna anayezijua ila yeye, na wasichana walikuwa hawajafika hata nusu. Nilikuwa nikipita pale chumbani nakazana kutazama upande wa pili.

Juma lililopita Nasim alikuja kuaga. Alisema harudi tena, ili mama apate nafasi ya kupiga bila kumwona yeye. Alichoomba ni kimoja tu, wasichana wafunguliwe chumba chao. Mama akammiminia chai ya kwanza bila kumtazama, kisha ya pili. Nikaona ya tatu inakuja, na baada ya hiyo huyu mtu ataondoka na kosa langu begani mwake. Nikashindwa.

"Mama," nikasema, "aliyeliandika ni mimi."

Mama akamgeukia Nasim. "Ulijua ni yeye?"

"Kuandika aliandika yeye," akajibu, "lakini mdomo ulikuwa wangu, mama."

Nilingoja kofi. Nilingoja laana. Mama aliweka birika chini, na maneno yake nakuandikia kama yalivyo:

"Miaka kumi na mmoja sijasikia mtu akimwita kaka yangu. Siku ile huyu alipomtaja, niligeuka mlangoni kumtafuta. Mimi na akili zangu, niligeuka kumtafuta. Si hasira iliyonizuia kupiga. Nilipoona mlango mtupu, mkono ulikufa ganzi."

Akalia, Kenan. Lini umewahi kumwona shangazi yako akilia mbele ya watu? Mimi nililia naye. Nasim alitaka kuinuka atuachie faragha, mama akamuuliza kama kwao Algiers watu huondoka kabla ya chai ya tatu, au yeye tu ndiye alikosa malezi. Akakaa. Hajaondoka hadi leo, na chumba kilifunguliwa Jumatatu.

Nimekwenda kwa wazee wote kuwaeleza. Walinisema nikakoma, na ilinistahili. Sasa nimefika kwako, kwa kuwa jina nililoliandika ni la baba yako. Nisamehe, ndugu yangu. Na Nasim umtake radhi.

Limebaki moja. Wimbo wa nne mama bado hajaupiga. Anasema una mwenyewe, na mwenyewe ana mwana. Aseme mwana kama watoto wa watu wafundishwe au usifundishwe mtu. Ukikataa, ataondoka nao, na hakuna atakayekulaumu. Ila ufikiri haraka. Jana alisahau mwanzo wa wimbo wa pili, akacheka, wasichana wakacheka. Mimi sikucheka.

Mjomba Ghali anakusalimu, na Tehit na wanawe, na Nasim pia, ingawa anakuogopa. Mpe Salima salamu zangu, mwambie akupunguzie mkate. Mungu awafunike kwa rehema zake, awarudishe kwetu na afya zenu.

Jibu lako usiliandike. Mpigie mama mwenyewe, asubuhi, akiwa peke yake. Tangu ubalehe sauti yako ni ile ile ya marehemu mjomba, baba yako, na hatujawahi kukwambia.

Ni mimi akupendaye hata nikikutukana,

Tamimunt