Nani Atamwogesha Babu

Kambarage, Shinyanga
3 Machi 2024

Mwanangu Ndaki,

Salamu zikukute mzima huko Rwamgasa, juu ya ardhi na chini ya ardhi. Sisi tunapumua. Je, unakula? Kifua kimepona? Usinijibu "nipo poa", nijibu kifua.

Jambo lenyewe ni babu yako. Aliteleza bafuni, mguu mmoja umegoma. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, ila kujiogesha hawezi tena. Sasa mimi nifanyeje? Ni baba mkwe wangu. Tangu marehemu baba yako Donatus anilete nyumba hii sijamwona hata kifua wazi. Nikimvua shati, sura yangu nitaiweka wapi? Nilimwita Charles wa jirani. Babu yako akamfukuza: "Atanisugua mjukuu wangu, au nioze!" Jana nikamsogezea ndoo, nikasimama nje ya mlango nimeangalia ukuta, namwelekeza: "Sabuni iko kushoto, baba!" Ananijibu, "Kushoto kwangu au kwako?" Nilicheka mpaka nikalia.

Mwanangu, yule mtu amepita miaka mia. Myahudi wa Polandi, askari wa Mwingereza vita ile kubwa, na bado kila Ijumaa jioni anawasha mishumaa yake miwili, mkono hautetemeki. Namtazama naogopa, kama ninayetazama mlima unaopumua.

Njoo umwogeshe. Mjukuu na babu hawana aibu.

Mama yako

* * *

Rwamgasa, Geita
17 Machi 2024

Mayu, shikamoo.

Kifua kimepona. Nakula, na ugali wa huku ni mgumu kuliko mwamba wenyewe. Mwambie huyo mume mwenzangu kwamba tangu mke wetu Bibi Mbuke afariki amezidi kudeka!

Duara letu, shimo tunalochimba, limebakiza kidogo kugusa mwamba wenye dhahabu. Nikitoka sasa wenzangu wataniita mtoro. Pasaka nakuja, nimsugue mpaka ang'ae.

Mwanao, Ndaki

* * *

Kambarage
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Salamu sina, nina moyo unaodunda. Pasaka imepita. Simu yako haipatikani. Redio imesema upande wenu kuna duara limefukia watu. Limefukia nani? Hawakusema.

Barua yako ya mume mwenzangu nilimsomea babu yako, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Sasa hacheki. Kashinda getini kwenye kiti, kavaa lile koti la jeshi kwenye jua hili, hajaoga, wala hali chakula. Nikamwambia, "Baba, labda posta imechelewa." Akanitazama. "Ndivyo nilivyojiambia na mimi."

Kisha akaniambia ambayo hajaniambia miaka yote niliyompikia. Alipotoka kwao bado kijana, mama yake alikuwa akimwandikia. Barua zilimfuata mpaka jangwani vitani. Halafu zikakoma. Vita vilipokwisha akaenda kwao, akagonga mlango, akafungua mtu asiyemjua. Mama hayupo, dada zake hawapo, mtaa mzima umebadilika watu. Akageuka bila kuomba hata maji ya kunywa. Dunia ikamzungusha mpaka Shinyanga hapa kutengeneza mitambo ya almasi, akamkuta Mbuke anauza maziwa. Ndaki, mtu alibaki peke yake kama kisiki! Leo sikukuu ikifika wazao wake hawaenei uani. Nilitua sufuria, nikaingia ndani kukuandikia.

Ndiyo maana nyumba hii tunaandika. Kwake, mtoto anayeandika yuko hai.

Barua hii nampa Masudi dereva wa basi, akutafute kwa jina. Dada yako Vumilia naye siku zake za kujifungua zimekaribia kule Ushirombo, nitamwachaje mzee? Andika hata mstari mmoja.

Mama yako

* * *

Kambarage
Ijumaa, 26 Aprili 2024

Mayu, shikamoo. Nisamehe, Pasaka wenzangu hawakuniachia, mwamba ulikuwa karibu.

Nimefika nyumbani jioni hii. Eunice wa jirani kaniambia umeitwa Ushirombo, Vumilia kashikwa na uchungu, na yeye Eunice ndiye anayemnywesha mzee uji.

Lililofukia watu ni duara la majirani zetu. Tuliacha la kwetu, tukachimba kuwatafuta. Walitoka hai wote, Mayu, weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga. Simu yangu ilibaki humo. Masudi alinikuta na barua yako, nikapanda basi na matope yangu.

Mzee alikuwa getini. Alinishika uso kwa mikono miwili, muda mrefu. Ndipo akasema, "Unanuka." Nikamwambia, "Na wewe je, mume mwenzangu?"

Nimemwogesha. Mgongoni ana kovu limekwenda toka bega hadi kiunoni, kama tuta la viazi. "Hilo la vitani, Italia," kasema. Halafu akachukua kidole changu akakiweka chini ya mbavu. Kuna chuma humo, Mayu, kinateleza chini ya ngozi! "Huyu nimezeeka naye." Mikono yangu ikaogopa kuendelea. Akanigombeza: "Nyuma ya masikio! Mama alikuwa hasahau hapo."

Nikamuuliza mama yake aliitwa nani. Akajimwagia kopo moja la maji kwanza. "Rivka." Umewahi kulisikia humu ndani? Mimi sijawahi.

Sasa mishumaa inawaka. Amelala kitini, safi.

Mwanao, Ndaki

* * *

Ushirombo
30 Aprili 2024

Mwanangu Ndaki,

Mungu ashukuriwe kwa ajili yako, na kwa ajili ya wale wenzako waliotoka. Vumilia amejifungua salama, mtoto wa kike, nywele kichwa kizima.

Tulishakubaliana aitwe Mbuke. Barua yako ilipofika nilimsomea dada yako akiwa ananyonyesha. Nikafika kwenye lile jina, akanikatiza: "Mama, rudia." Nikarudia. Akamtazama mtoto. "Bibi Mbuke ana wajukuu waliobeba jina lake. Rivka hana hata mmoja." Sisi jina la aliyetangulia hatuliachi lilale chini, unajua. Sista wa hospitali akauliza kama aandike Rebeka. Nikamwambia, andika kama mzee anavyotamka.

Sasa nakutuma. Mwogeshe kwanza, mvalishe shati jeupe, akae vizuri, ndipo umsomee, taratibu. Mwambie Rivka amefika salama. Sauti yake inasikika mpaka barabarani. Anauliza, nyuma ya masikio mmeosha?

Mama yako