Kijito Walichokiita Mtaro

Møllevej 7,
Hvidmose, Denmark.
28 Aprili 2019

Mpendwa Mjomba Holger,

Pokea salamu zetu zote, tele. Nyonga inaendeleaje? Binti yako Alma ameniandikia kwamba sasa unafika dukani kwa fimbo, nikafurahi, ingawa najua wewe na fimbo hampatani. Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi chake cha kila mwisho wa baridi, lakini ulimi ni mzima. Juzi tu alikuwa anarudia kisa cha samaki wako, trauti mwenye madoa mekundu, yule unayeapa ulimvua nyuma ya shule ukiwa na miaka tisa. Anasema njia ya mwongo ni fupi, ila ya kaka yake ilifika mpaka Argentina.

Sasa kaa vizuri, habari yenyewe ni ya kijito hicho hicho. Mwezi wa pili halmashauri ilitangaza kwamba kitafukiwa, maji yapitishwe kwenye bomba, juu yake yajengwe maegesho ya ukumbi wa mpira wa mikono. Kwenye faili lao kimeandikwa "mtaro, maji yaliyokufa". Nilikasirika hadi nikaunguza chakula.

Unajua nafundisha darasa la saba, na kila Jumanne tunasoma mazingira huko nje, mvua inyeshe isinyeshe. Nikawaambia watoto wasiniamini mimi wala faili, wakayaulize maji. Afya ya kijito husomwa kwa wadudu wa chini ya mawe, na kuna mmoja mwenye mikia miwili ambaye maji machafu hayawezi kabisa. Tukimpata huyo, faili limesema uongo.

Aliyempata ni Karla Skytte, golikipa wetu, binti wa Preben, mwenyekiti wa klabu anayeyataka hayo maegesho. Wadudu walikuwa kumi na mmoja. Tukawaleta darasani kwenye ndoo, na mimi, mwalimu mzima, nikaiweka ndoo kando ya kipasha joto. Wadudu wa maji baridi, Mjomba. Kufika saa ya chakula wote walikuwa wamekufa. Nilijifungia stoo nikalia.

Jumamosi asubuhi tukaenda hivyo hivyo kwenye kikao cha halmashauri, pale pale ukumbi wa mpira, na maiti zetu kwenye kopo la jemu. Preben alilitazama, akanywa kahawa yake.

"Hawa mnaweza kuwa mmewaokota popote," akasema.

Watu wakacheka. Nikajua tumekwisha. Karla akasimama.

"Baba, buti zako ziko kwenye gari. Nimezipakia mwenyewe."

"Karla, kaa chini."

"Au mwenyekiti anaogopa maji?"

Ukumbi mzima ulishika mbavu, na Preben hakuwa na pa kutokea. Wajumbe wote saba wakatoka na vikombe mkononi, wakajipanga ukingoni. Karla akampa baba yake wavu, akamwonyesha pa kusimama na jinsi ya kutibua mawe kwa mguu.

Aliponyanyua wavu, mikia-miwili walikuwamo, wazima, wanatambaa. Na katikati yao alikuwa anarukaruka trauti, mrefu kama kidole changu cha kati. Preben alimwangalia kwa muda, akamrudisha majini kwa mikono miwili, taratibu kabisa.

"Haya," akasema, "magari tutayaweka kanisani."

Walipiga kura pale pale kwenye matope, saba kwa sifuri. Wiki hii nimeliona faili kwa macho yangu. Neno mtaro limefutwa, kimeandikwa kijito, na vipimo vya chini yake vina majina ya wanafunzi wangu kumi na tisa. Nina furaha, Mjomba, hata sura imegoma kutulia. Nimefundisha miaka ishirini na mbili na sijawahi kushinda hivi.

Mama alikuwa nasi pale ukingoni. Tangu siku ile hajakutaja, na leo ameniomba nimwachie nafasi mwisho wa barua.

Nisalimie Alma na mumewe Ramón, na wajukuu wote. Mungu akupe miguu imara ya kukuleta nyumbani kiangazi kimoja.

Mpwa wako akupendaye kwa moyo wote,
Dagny

Holger, nimemwona. Ana madoa mekundu. Nisamehe.
Dada yako, Inger