Mkono wa Jirani

Jumanne, 4 Novemba
Vyumba kumi na vinne leo, hotelini Märsta. Mgongo unaniuma. Jioni maktabani Hjulsta, kikundi chetu cha kusoma. Mwezi huu ni hadithi za wanawake wa Afghanistan. Vita, ila vinavyoonekana kutoka jikoni. Maryam, ninayesafisha naye, ametoka Herat. Kikundini haongei kamwe. Leo kasema ameandika hadithi yake mwenyewe, kwa Kiswidi. Ataisoma Jumanne ijayo. Kaniomba niipitie kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeisoma kwenye treni. Wanawake wamejificha chini ya nyumba, wapiganaji wako juu. Mmoja anajifungua. Jirani anamziba mdomo asisikike. Mtoto anapona. Mama anakosa pumzi, anakufa.
Nikashuka Upplands Väsby. Si kituo changu. Nilikaa tu kwenye benchi. Bujumbura ya vita, kwetu, imenirudia yote, na ule ukimya wetu, mimi na mdogo wangu, chini ya kitanda. Sijawahi kumsimulia mtu.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimemwambia Maryam alainishe mwisho. Mama apone. Nikasema watu wamechoka na vita. Alinitazama, akaendelea kutandika kitanda.
Aliyechoka ni mimi. Nimejiogopea mwenyewe. Naona aibu.

Jumatatu, 10 Novemba
Hakuja kazini. Simu hapokei. Nimemwandikia: isome ilivyo, dada, unisamehe.

Jumanne, 11 Novemba
Alikuja. Alisoma amesimama. Alipofika kwa jirani akaweka karatasi mezani.
"Hakuwa jirani," akasema. "Ni mimi. Na aliyekuwa anazaa ni dada yangu."
Hakuna aliyepiga makofi. Alikaa, nikamshika mkono. Nikamuuliza taratibu mtoto yuko wapi.
"Uppsala. Ni msichana mkubwa sasa, ananiita mama. Jana nilikwenda kumsomea yeye kwanza."
"Akasemaje?"
"Alitoka nje. Alikaa huko sana. Aliporudi akaniuliza kama nimekula."
Nimelia njia nzima hadi nyumbani.

Jumapili, 16 Novemba
Theluji ya kwanza. Binti yangu Aline alikuwa anakata vitunguu. Nikamwambia alikuwa na mama mdogo, Espérance, aliyeuawa vitani akiwa na miaka kumi na sita. Hakuwahi kulisikia jina hilo. Aliweka kisu chini. Akaniuliza, kwa Kiswidi, alikuwa mtu wa namna gani.
Mbishi, nikasema. Mcheshi. Hakupenda kuamka mapema.
Tukaendelea kupika.