Pweza Kiganjani mwa Saara

Kambi ya Pelican Rocks,
New South Wales.
9 Januari

Mpendwa Dada Merryl,

Natangaza rasmi, kwa niaba ya hema namba kumi na saba, kwamba mimi Russ nimepigwa marufuku kutania hadi Pasaka. Hukumu imetolewa na mke wangu Glenys, na kwake, kama ujuavyo, hakuna rufaa.

U hali gani huko Oulu, na lile goti je? Sisi wazima, na binti yako Saara mzima pia. Naanza na hilo ili yanayofuata uyasome ukiwa umekaa vizuri.

Tulipofika tu nilimwambia kwamba juu ya mikaratusi wanaishi dubu wanaowadondokea wageni, na kinga dhidi yao ni kujipaka Vegemite, ule urojo mweusi wa chumvi tunaopaka mkate, nyuma ya masikio. Alijipaka siku mbili. Kambi nzima ilimsalimia kwa heshima, hakuna aliyecheka. Siku ya tatu Glenys akamwonea huruma, akamweleza ukweli kwamba dubu hao hawapo.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, maji yalikupwa tukaenda kwenye vidimbwi vya miambani. Saara akaokota kombe la baharini. Humo akatoka pweza mdogo kama kidole gumba, akamtambalia kiganjani, pete za buluu zikiwaka mwili mzima.

"Mjomba, ona alivyo mzuri!"

"Saara, mrudishe majini. Polepole. Huyo anaua mtu."

"Ehe, na nyuma ya masikio nipake nini?"

Dada, niliapa. Nilimtaja hata marehemu mama. Kila nilipokaza uso alizidi kucheka, maana hata wale dubu niliwatangaza kwa uso huohuo. Nikampigia kelele Glenys, ambaye hajawahi kumtania hata paka. Akaja, akatazama, akapauka.

"Mweke chini, mwanangu. Sasa hivi."

Kicheko kikakatika. Saara akazamisha mkono kidimbwini, pweza akaenda zake. Alipoutoa, kiganjani palikuwa na doa jekundu.

Pweza huyo akiuma husikii kitu. Baadaye ndipo midomo hufa ganzi, kisha pumzi hukatika. Tukamlaza mchangani, Glenys akamfunga bendeji ya kubana kuanzia vidoleni hadi kwapani ili sumu isisambae. Mimi nikakimbilia juu ya kilima cha mchanga kutafuta mtandao. Watu wa gari la wagonjwa wakasema watafika baada ya dakika arobaini. Niliporudi, Glenys alikuwa akihesabu pumzi za Saara kwa sauti.

"Mjomba, hii nayo ni mzaha, sivyo?"

Nilitamani mno kusema ndiyo.

Hospitalini walimwangalia hadi usiku, nami nikakaa nje sijui mikono niiweke wapi. Mwishowe muuguzi akafungua bendeji, akasugua lile doa kwa pamba, akanusa, akatutazama sote watatu, akasema twende zetu.

Msalimie shemeji Tapio na mama mkwe wako. Glenys anakukumbatia. Mungu awatunze na hiyo theluji yenu.

Kaka yako akupendaye, na anayekuogopa kidogo wiki hii,

Russ

Nimesahau: doa lilikuwa la bitiruti, kutoka kwenye mkate wake wa mchana.