Mabaka ya Jenerali

Kitale
14 Machi 2004

Mpendwa dada Waithera,

Pokea salamu zetu sote. Tuko wazima, ni baridi tu ya huku inatutesa. Shemeji Khaemba alipona kile kikohozi?

Mbwa ndiye huyo. Mpokee kwa mikono miwili, maana watu wamemlilia hapa nikakataa. Ni wa ile mbegu ya milima ya Pirenei huko Ulaya niliyoachiwa na Mzungu wa shamba la jirani alipohama. Usimwone mdogo, akikomaa atakuwa na uzito wa mtu mzima. Manyoya yake ni tabaka mbili: ya juu marefu na magumu, ya kuzuia mvua na meno ya wanyama, ya chini laini kama pamba. Mwambie shemeji asimnyoe ati kwa sababu ya joto ya Myanga. Amchane tu.

Ndugu zake ni weupe tupu. Nimekuchagulia huyu kwa vile ana baka la kahawia upande wa kushoto wa uso, kutoka jichoni hadi sikioni, na lingine pale mkia unapoanzia. Hatapotea kati ya kondoo. Alale zizini nao kuanzia leo, asizoee jikoni.

Kaka yako,
Gicheru

Myanga
5 Septemba 2004

Kaka Gicheru,

Habari za huko? Watoto wanamsalimia mjomba wao. Afya tunayo, amani ndiyo hatuna.

Jenerali, yule mbwa uliyetupa, ameibwa. Juzi wezi wameingia zizini, wakachinja kondoo watatu hapo hapo, nyama wakabeba, vichwa wakatuachia vimepangwa mlangoni kama wanatucheka. Damu ilikuwa mpaka kwenye ukuta. Kamba ya mbwa imekatwa kwa panga. Yaani sijui walimlaghai na nini, kwa vile huyo mbwa alikuwa hataki mgeni hata akohoe.

Unamjua shemeji yako kwa hasira. Amepiga mlango wa zizi teke mpaka ukang'oka. Leo kanisani alisimama akatangaza: mbwa mweupe mkubwa, baka la kahawia uso wa kushoto, lingine mkiani. Halafu akaapa mbele ya watu, "Nitakayemkuta na mbwa yangu, hata awe mzee wa kanisa, atazikwa." Mchungaji alijifanya hajasikia.

Mama yake Jenerali akizaa tena, si utanikumbuka?

Dada yako,
Waithera

Kitale
20 Septemba 2004

Dada yangu,

Poleni sana na hasara. Akizaa, wa kwanza ni wako, hilo usiwe na wasiwasi. Mwambie shemeji apunguze viapo.

Kaka yako,
Gicheru

Myanga
11 Agosti 2005

Kaka Gicheru,

Hujambo? Na mama watoto? Umenyamaza karibu mwaka mzima, lakini sina nafasi ya kukugombeza. Tumempata Jenerali!

Jumatatu Khaemba alikuwa soko la Lwakhakha. Akamwona mtu anaitwa Mukhisa anapita na mbwa wetu. Baka la jicho lile lile, la mkiani lile lile! Amekonda tu na kupungua mwili, nadhani kwa kulishwa vibaya. Khaemba akapiga nduru, "Mwizi!" Unajua hilo neno likishatoka. Mukhisa alisema "Nimepewa Kitale," na kabla hajamaliza, mtu akampiga jiwe la mdomo. Mawe, rungu, mijiti ya vibanda, hata wanawake walivua viatu. Khaemba mwenyewe alimkanyaga mkono, akasikia mfupa ukilia. Tairi ilikuwa imeshaletwa na mafuta ya taa yamemwagwa wakati polisi walifika wakafyatua risasi juu. Sasa amelazwa, hasemi, na askari amekaa kwa kitanda. Akiamka anashtakiwa kwa wizi.

Khaemba amerudi na shati limejaa damu na anaimba. Kaka, ukweli ni kwamba mimi nilifurahi. Nilikumbuka vile vichwa vitatu nikasema amepata haki yake.

Ila mbwa hali. Ukimwita Jenerali hageuki. Analia akiangalia barabara. Mbona hivyo?

Dada yako,
Waithera

Kitale
16 Agosti 2005

Waithera,

Salamu zingoje. Nimesoma barua yako sasa hivi, nakuandikia papo hapo.

Huyo si Jenerali! Mabaka ya mbwa hawa hufifia. Wanazaliwa nayo yamekolea, wakifika mwaka na nusu yamekuwa kivuli tu, wengine yanaisha kabisa. Jenerali leo uso wake ni karibu mweupe wote. Huyo mliye naye ni mdogo wake, wa miezi saba, ndiyo maana mwili ni mdogo. Mama yao alizaa Januari, watoto wakafa wote akabaki mmoja. Mukhisa akaja hapa kwangu, chui alikuwa amemmalizia mbuzi, analia kama mtoto. Nikampa. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekuahidi wewe.

Mtu huyo alikuwa anasema ukweli! Nenda hospitali leo. Nenda polisi. Mwambie Khaemba aseme kwa mdomo wake mwenyewe kabla mtu hajafungwa au hajafa. Asipotaka, sema wewe.

Gicheru

Myanga
4 Septemba 2005

Kaka,

Natumai mko salama. Watoto ni wazima.

Barua yako ilifika Mukhisa akiwa ameshakufa siku mbili. Nilimsomea Khaemba. Akasema, "Nyamaza. Mtu amekufa akiwa mwizi, na akae hivyo." Nikamuuliza kama anasikia anachosema. Akanipiga kofi, mara ya kwanza tangu anioe, halafu akakaa chini.

Siku ya mazishi nilimchukua mbwa nikaenda peke yangu nyumbani kwa Mukhisa, Lwakhakha. Tulipofika uani aliniponyoka, akamrukia mjane, Phelista, akamlamba uso huku analia. Hapo sikuhitaji kueleza sana. Nikasema, "Mume wangu ndiye aliita mwizi. Mbwa ni wenu." Shemeji yake Phelista alinipasua kichwa kwa mpini wa jembe. Wengine wakaja na mawe. Phelista akanilalia juu, akapiga kelele, "Mwacheni! Huyu lazima afike polisi na mdomo wake!" Nilifika, damu ikinitiririka machoni. Nimeandikisha yote. Walimkamata Khaemba jioni hiyo.

Hata na wewe nina hasira. Ulijua rangi inaisha, ukaniambia mbwa hatapotea. Nimeandika jina lako kwa polisi, watakuita. Njoo.

Mama mkwe ametupa nguo zangu nje. Nalala kwa mama mchungaji.

Jana nilimpelekea Khaemba chakula rumande. Alikula chote. Nikiwa naondoka akaniita, akaniuliza kama Mukhisa alikuwa na watoto. Nikamwambia ni wanne. Akaniuliza majina yao. Nilisimama pale na sufuria mkononi, sikuyajua.

Kesho naenda Lwakhakha kuuliza.

Dada yako,
Waithera